Vanishi ya taa ya UV kwa meza za msaji: silika au titani?

Fundi_Keko: Wakuu, habari za kazi. Natengeneza meza za msaji za migahawa ya ufukweni hapa Dar. Adui yangu ni mchanga: kitambaa cha kufutia kikishaokota chembe zake kinageuka msasa, na vanishi ya kawaida haidumu. Sasa nina vanishi ya akrileti, resini inayokauka kwa kumulikwa na UV, na taa ya LED yenye wimbi la nanomita 395. Muuzaji ana unga wa nano, yaani wa chembe ndogo mno, wa silika na wa titani dioksaidi, anadai wowote utaongeza ugumu. Nichukue upi? Na kwa nini kipande cha majaribio kinanata juu ilhali chini kimekauka?

Dada_wa_Kucha: Kaka, jeli ya kucha nayo ni jamii ya akrileti. Oksijeni ya hewani ndiyo inayozuia tabaka la juu lisishikane. Sisi tunalifuta kwa spiriti. Ila nakuomba sana, vaa glavu. Akrileti ikigusa ngozi mara kwa mara ikiwa mbichi huleta mzio, na ukishaupata huwa hauondoki.

Mzee_wa_Rangi: Titani achana nayo. Inameza miale ya UV, ndiyo maana imo kwenye losheni za kukinga jua. Taa yako itaishia juu, chini kubaki mbichi. Tena ile aina ya anatase ikipigwa na jua huila resini yenyewe.

Silika haimezi mwanga huo. Chembe za nanomita 20 hivi ni ndogo mno kuliko wimbi la mwanga, kwa hiyo vanishi hubaki angavu na nyuzi za msaji zinaonekana. Sharti ziwe zimetawanyika! Unga mkavu ukiumwaga koponi hufanya madonge, vanishi ikawa nzito yenye ukungu, na kila donge ni mahali pa ufa kuanzia. Kukoroga kwa drili hakuyavunji. Tafuta silika iliyokwishatawanywa kiwandani ndani ya akrileti, chembe zake zikiwa zimevishwa sileni, kemikali ya kuunganisha. Sileni hushika silika upande mmoja, na upande wa pili hufungamana na resini taa inapowaka. Ugumu unatoka kwenye fungamano hilo.

Kuhusu kunata, dada kasema kweli. Ongeza kwamba vanishi nyingi ziliundwa kwa taa za zebaki, zenye mawimbi mafupi yanayokausha juu. LED yako haina hayo. Muulize muuzaji kama kianzishi chake, ile kemikali inayoanzisha ukaukaji ikipigwa na mwanga, kinaitika kwenye nanomita 395. Viwandani hufukuza oksijeni kwa naitrojeni. Wewe laza filamu angavu ya poliesta juu, mulika, kisha ibandue.

Fundi_Keko: Shikamoo mzee, na asante dada. Na mafuta yaliyomo kwenye msaji je, vanishi itashika?

Mzee_wa_Rangi: Marahaba. Piga msasa, futa kwa asetoni, paka siku hiyohiyo. Ikikauka, chora vimraba kwa wembe, bandika selotepu, vuta kwa nguvu. Kimraba kikitoka, usimpelekee mteja.