Kikundi cha familia: sabufa ya Bibi inanguruma

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mjomba Kombo, sabufa ya Bibi ukiiwasha tu inaanza "mmmmm", taarab haisikiki. Bibi kaizima, anasema inamuumiza kichwa.

Mjomba Kombo: Marahaba mwanangu. Iwashe, shusha sauti mpaka sifuri. Mngurumo unabaki?

Zuhura: Upo vilevile.

Mjomba Kombo: Chomoa waya wa oksi na ule wa king'amuzi.

Zuhura: Nimechomoa vyote. Bado.

Mjomba Kombo: Basi hauingii kwa nyaya. Umo ndani, na mimi nashuku pawasaplai, ile sehemu inayogeuza umeme wa ukutani uifae mashine. Ungetoweka ulipochomoa, tungehangaika na king'amuzi.

Salum: Si wanunue stabilaiza tu?

Mjomba Kombo: Wasinunue, Salum. Stabilaiza kazi yake ni volti zikipanda au kushuka. Huu ni ugonjwa mwingine. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukitoka kwenye transfoma unapita dayodi nne (vipitisho vya umeme vya upande mmoja), unatoka ukiwa mawimbi 100 kila sekunde, unapanda na kushuka. Kapasita kubwa ndiyo tangi: wimbi likipanda inajaa, likishuka inatoa akiba ili mashine isihisi pengo. Tuseme ni ya mikrofaradi 3,300 na sabufa inakula ampea 1: volti zinashuka kama 3 hivi kabla haijajazwa tena. Ikikauka ikabaki na 1,000, mshuko unakuwa mara tatu ya huo. Huo ndio mnaousikia kwenye spika.

Shangazi Rehema: Inakaukaje kaka, na haijamwagikiwa na kitu?

Mjomba Kombo: Joto, dada. Ndani mna majimaji, na kila joto likizidi nyuzi 10 umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Zuhura, ile sabufa bado imebanwa kwenye kabati la TV?

Zuhura: Ndiyo, na Bibi huwa anaifunika kitambaa.

Mjomba Kombo: Itoe, ipate hewa. Halafu tuhakikishe kabla ya kutoa hela. Nyuma ina tundu la 12V. Ichomoe ukutani, muombe Baba Mdogo betri ya sola, ili tuiruke pawasaplai. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Ukigeuza unaiua.

Zuhura: Sawa, namfuata.

Salum: Mjomba, kuna jamaa huku kaniambia ukiwa na kompyuta inayotoa mngurumo kwenye spika, kata waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini, kwenye plagi, unaisha.

Mjomba Kombo: Usithubutu, na mwambie na yeye aache. Unaisha kweli, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ule waya wa kijani na njano ndio unaokuokoa siku laini, yaani waya wenye umeme, ikigusa bodi ya chuma. Mngurumo wa namna hiyo unakuja pale vyombo viwili vinapokutana kwenye ethi kwa njia mbili. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Ethi iache.

Salum: Nimekuelewa Mjomba.

Shangazi Rehema: Kwangu friji ikiwaka redio inapiga "tap".

Mjomba Kombo: Ni cheche ya swichi ya friji. Redio ihamishie soketi ya mbali na friji. Ikiendelea, fundi aweke kapasita kati ya laini na nyutro (waya wa kurudisha umeme), lakini iandikwe X2, yaani ya kukaa kwenye umeme wa ukutani, volti 275 au zaidi. Ya kawaida hapo inaweza kuwaka moto.

Zuhura: Mjomba! Kwenye betri kimyaaa. Hata ule mmmmm haupo. Ila nikipiga wimbo kwa simu huku inachaji ukutani inakuja "ziiii" nyembamba.

Mjomba Kombo: Alhamdulillahi, tumeupata. Ni upande wa umeme wa ukutani, ampu yenyewe, ile inayokuza sauti, nzima. Hiyo ziiii ni ya chaja: inakatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na uchafu unapita kwenye oksi. Simu isichajiwe wakati wa muziki, au tumia blututhi.

Baba Mdogo: Nimefika hapa na bisibisi, nifungue?

Mjomba Kombo: Ndugu yangu, usifungue. Hata ikichomolewa, kapasita hubaki na chaji. Mimi huimaliza kwa rezista, kifaa cha kuzuia umeme, kabla sijagusa kitu. Jumamosi nakuja na chuma cha kuchomelea. Nitafutie dukani kapasita ya mikrofaradi 4,700, volti 35, inayohimili nyuzi 105. Wakikupa 22,000 wakisema kubwa ndiyo bora, kataa, inapojaa mara ya kwanza inazilemea dayodi.

Baba Mdogo: 4,700, volti 35, nyuzi 105. Nimeandika.

Zuhura: Bibi anasema ahsante, na anauliza betri itamfikisha Jumamosi?

Mjomba Kombo: Mwambie aichaji mchana kwenye paneli, jioni asikilize taarab yake.