Naombeni ushauri: nipooze prosesa kwa feni au kwa maji? Natumia mkono mmoja tu

kushoto_tu

Wakuu habari za jioni, naenda moja kwa moja kwenye shida yangu. Mimi naedit video, harusi, sendofu, ubatizo na vitu kama hivyo, ofisi yangu ni chumbani kwangu hapa Mbagala. Mkono wa kulia haufanyi kazi toka ajali ya bodaboda 2018, mishipa ya fahamu ilikatika begani, bega linanyanyuka kidogo ila vidole havishiki kitu kabisa, kwahiyo kila kitu nafanya kwa kushoto na pale inapobidi meno.

Mashine yangu ni kompyuta yenye prosesa ya Ryzen 7 5800X, kasha liko chini ya meza, nilifungiwa ile mifumo ya maji inayokuja imeshafungwa kiwandani, rejeta ya milimita 240 imekaa mbele. Mwanzo ilikuwa safi sana. Sasa hivi nikianza kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, joto linapaa mpaka 90 hata dakika mbili hazijaisha, spidi inashuka, na ukiiwasha asubuhi unasikia ndani kama mtu anamimina maji kwenye chupa. Fundi niliyempelekea kaniambia dawa ni kununua rejeta kubwa zaidi ya 360.

Bei inauma ndio ila sio hiyo inayonisumbua zaidi. Kila kasha likitakiwa kufunguliwa inabidi niite bajaji, nitafute kijana wa kunibebea mpaka barabarani, nimuachie fundi siku tatu nne na huku wateja wananipigia wanataka video zao, alafu mara nyingi kazi yenyewe ni kutoa vumbi tu! Nataka kitu ambacho mimi mwenyewe kwa mkono huu mmoja nitakifungua, nitakisafisha na nitakirudisha. Kama kitakuwa na joto digrii kumi zaidi ya cha maji sijali. Nichukue nini? Nawasilisha.

---

fundi_bisibisi

Pole sana kiongozi, na umeuliza swali la maana, wengi humu wanauliza ipi baridi zaidi na hawaulizi nani atakuja kuifungua baada ya mwaka.

Kwanza kabla hujatoa hela yoyote, washa mashine, ifanyie kazi dakika tano alafu gusa ile mipira miwili inayotoka kwenye rejeta. Kama mmoja ni wa moto kabisa na mwingine wa baridi, maji hayazunguki, pampu imechoka, na pampu kwenye mifumo hii iliyozibwa haibadilishwi, unatupa kitu kizima. Na rejeta ikiwekwa mbele alafu pampu ndio ikawa juu kuliko kila kitu, upepo wote uliomo ndani unapanda kwenda kukaa kwenye pampu, hiyo sauti ya kumimina maji ndio yenyewe. Rejeta ya 360 iliyofungwa vilevile itakupa shida ileile.

Sasa ushauri wangu, nenda kwenye feni ya kawaida na bati lake la kusimama, mnara mmoja wenye feni moja ya milimita 120. Sababu ni moja tu, ndani yake kinachokufa ni feni peke yake. Bati lenyewe halina cha kuharibika, feni ikifa unanunua feni, unachomeka waya mmoja. Yale mambo ya kujijengea maji mwenyewe kwa mipira na tanki usiyaguse kabisa, yanataka umwage maji na kubadilisha kila baada ya muda na lazima uinamishe kasha zima huku umeshika chupa, hiyo kazi hata mwenye mikono miwili anaita msaidizi.

Ila kuna mtego mmoja kwenye soketi yako ya AM4, pale prosesa inapokaa, na nakuambia mapema ili usije ukalia. Ukifungua zile skrubu nne zinazoshika vipande vya plastiki kuzunguka prosesa, bati la nyuma ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) linaanguka lenyewe, mana hizo skrubu ndio zinalishika. Mwenye mikono miwili anashika nyuma kwa kushoto anafunga mbele kwa kulia. Wewe fanya hivi, toa mifuniko yote miwili ya kasha, lilaze kwa upande juu ya meza, chukua kanga ikunje iwe nene uitie chini pale kwenye tundu la nyuma mpaka ilisukume bati likae limebana, basi unafunga kwa juu taratibu. Skrubu zote zianze mizunguko miwili miwili kwanza ndio uzikaze kwa zamu, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili utanyanyuka na huna mkono wa kuukandamiza. Bisibisi iwe ndefu na iwe na sumaku, hilo sio ombi.

Na siku ya kutoa, usivute kwenda juu. AM4 prosesa ina miguu na haishikwi kwa chuma, pesti ya kupitisha joto kati yake na bati ikikauka, bati linang'oka na prosesa yake na miguu inapinda. Washa mashine ipate moto kidogo, zima, chomoa umeme, alafu zungusha bati kushoto kulia mpaka liachie. Hii inafanyika kwa mkono mmoja bila shida.

---

kitimwendo_msa

Ndugu yangu pole, mie niko Mombasa, natumia kiti mwendo mwaka wa tisa huu, nimeumia uti wa mgongo sehemu ya kifua. Mikono yangu mizima alhamdulillah lakini nina shida nyengine ambayo watu hawaifikirii wakikupa ushauri wa kompyuta, mwili wangu kuanzia hapo kifuani kwenda chini hautoi jasho, kwa hivyo chumba kikipata moto mie ndiye nnaepata moto, sina pa kuutolea. Mwezi wa pili na wa tatu hapa kwetu unajua kulivyo. Nataka nikwambie kitu ambacho nlikielewa kwa kuchelewa, kwamba hiyo rejeta iwe ya 240 iwe ya 360 haiui joto, yalitoa kwenye prosesa na kulimwaga chumbani, ni lilelile. Ukitaka joto lipungue kwako wewe mwenyewe basi lizalishwe kidogo tangu mwanzo.

Kabla ya hii nilokuwa nayo sasa nlikuwa natumia laptopu na nlikuwa naiweka mapajani kwa sababu ndipo panapofikika. Siku moja dadangu ananibadilisha nguo akaona paja lina malengelenge, sikusikia chochote, kidonda kile kilikaa miezi. Yeyote asomae hapa ambae hana hisia miguuni, laptopu haikai mapajani hata dakika kumi, weka ubao au nunua meza inayoingia juu ya kiti.

Sasa hivi nna Ryzen 7 7700, ile isiyo na herufi X, ni ya wati 65 na ilikuja na feni yake ndani ya boksi, imelala bapa, yashikwa na kulabu mbili na wenzo mmoja wa kuzungusha basi. Huo wenzo ni mgumu, lazima niseme ukweli, lakini hauna skrubu hata moja. Na feni kwa kuwa yatazama kwako, vumbi waliona na walipiga brashi pale pale bila kutoa kitu. Kasha nimeliweka juu ya meza kimo cha kiwiko changu, sakafuni silifikii na vumbi lote la nyumba liko sakafuni. Kakangu wewe pia lipandishe juu hilo lako, utashukuru.

---

rejeta_mbili

Mi natofautiana kidogo na fundi, sio kwa ubaya. Maji yana faida yake kwa mtu mwenye mkono mmoja, kile kinachokaa juu ya prosesa ni kidogo kama kopo la maziwa na chepesi, unakiona chote unapokifunga. Minara mikubwa ya feni mbili ina uzito, NH-D15 ya Noctua na feni zake ni kilo moja na gramu mia tatu hivi, hebu fikiria umeishika kwa mkono mmoja juu ya mazabodi, ikikuponyoka imevunja kila kitu. Na ukilipakia kasha kwenye bajaji na barabara zetu hizi, ule uzito unaning'inia kwenye mazabodi njia nzima.

---

fundi_bisibisi

Mkuu rejeta_mbili hapo umesema kweli na ndio mana nilisema mnara mmoja, sio miwili. NH-U12S kwa mfano na feni yake ni kama gramu 750, hiyo mkono mmoja unaimudu. Na kasha likisafirishwa lilazwe, mazabodi iangalie juu, uzito usiwe unaning'inia.

Kushoto_tu nimesahau vitu viwili. Minara hii feni inashikwa na waya za kubana pembeni, mbili, na zinataka kuvutwa kwa nguvu huku umeshika feni. Funga kitanzi cha uzi mgumu kwenye kila waya, kidole kinaingia kwenye kitanzi kinavuta na kiganja hichohicho kinakandamiza feni. Na ukipuliza vumbi kwa blowa usiache feni izunguke, ikizungushwa kwa kasi ile beringi zinakufa, na kwa kuwa huna mkono wa pili wa kuishika chomeka kijiti cha mshikaki katikati ya mapanga.

Alafu dada wa Mombasa kagusa jambo kubwa. Hiyo 5800X ni wati 105 kwa jina lakini inaruhusiwa kula mpaka 142. Ingia kwenye baiosi, ile menyu ya mipangilio unayoifungua mashine inapoanza kuwaka, tafuta eko modi ya kupunguza umeme weka 65, itaishia wati 88. Ni kazi ya kiibodi tu, haigusi bisibisi. Kurenda kutachelewa kidogo ila kuliko ilivyo sasa inapanda 90 na kujirudisha nyuma yenyewe, unaweza hata usione tofauti, na Luku nayo itapumua.

---

kushoto_tu

Wakuu nimerudi, asanteni sana, dada wa Mombasa pole kwa kile kidonda na asante kwa kusema, nimemtumia rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye wodini maneno yako kama yalivyo mana yeye laptopu ndio analala nayo miguuni.

Nimegusa mipira. Mmoja unaunguza, mwingine wa baridi kama umetoka nje. Kwahiyo pampu kwisha habari. Eko modi nimeweka jana usiku, ilinichukua kama robo saa kuitafuta imejificha ndani ndani huko, nimerenda video ya sendofu ya dakika 40 na haijagusa 90 tena japo inakaribia, inaniwezesha kumaliza kazi za wiki hii bila kumpelekea mtu yeyote mashine yangu.

Kasha nimelipandisha mezani, kwa msaada wa jirani. Mnara nimeshauona Kariakoo, mmoja wenye feni moja, nimemuomba muuzaji anitolee kwenye boksi niushike kwanza kwa mkono wangu akakubali, naumudu kabisa. Kitu kimoja fundi, kile kikaratasi kinaonyesha kuna vyuma viwili vya kufunga kwanza kabla ya bati lenyewe, kanga naiacha palepale mpaka mwisho au naitoa nikishafunga hivyo viwili?

---

fundi_bisibisi

Ukishafunga hivyo vyuma viwili bati la nyuma limeshashikwa, haliendi popote, toa kanga. Pesti weka katikati kiasi cha punje ya njegere, usisambaze, lenyewe litakandamizwa. Na waya wa feni uchomeke kabla hujasimamisha kasha, palipoandikwa CPU_FAN, usipochomeka mashine itagoma kuwaka vizuri na utadhani umeharibu kitu.