Ulinganisho: “select”, “depends on” au “imply” kwa moduli za draiva zinazotegemeana?

FundiMagogoni (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Tunatengeneza kifaa kidogo cha kurekodi joto la vyumba vya barafu vinavyohifadhi samaki hapa Feri. Kifaa kinatumia Linux kwenye bodi ya ARM, na draiva tumeziandika wenyewe ndani ya msimbo wa keneli kwa moduli tatu. Ya kwanza ni ya msingi, inayozungumza na chipu kwa njia ya I2C (nyaya mbili za kuunganisha chipu). Ya pili ni ya sensa, inayopeleka vipimo kwenye mfumo wa hwmon (sehemu ya keneli ya vipimo vya vifaa). Ya tatu ni ya king'ora, ambayo huwasha taa kupitia mfumo wa LED endapo mfumo huo upo. Sensa na king'ora haviwezi kufanya kazi bila msingi, lakini king'ora kinaweza kulia bila taa.

Mwenzangu ametumia “select” katika faili la Kconfig (linaloorodhesha machaguo ya kukompaili keneli) ili anayechagua sensa apate msingi papo hapo. Mimi naegemea “depends on” (sharti: chaguo lisipatikane mpaka kinachohitajika kiwepo), na mwenzetu wa tatu anapendekeza “imply”. Kila kitu kikiwa “m” (moduli ya kupakiwa baadaye; “y” ni ndani ya keneli kuu, “n” ni kuzimwa), njia zote tatu zinakompaili bila kelele. Shida huanza I2C inapokuwa “m” na sensa “y”:

```
WARNING: unmet direct dependencies detected for BARIDI_MSINGI
  Depends on [m]: I2C [=m]
  Selected by [y]:
  - BARIDI_SENSA [=y]
```

Onyo hilo linapita, kisha mwishoni linka (inayounganisha vipande vilivyokompailiwa) inagoma kwa “undefined reference to `i2c_transfer'”. Naomba maoni ya waliowahi kulinganisha njia hizi kwa kina.

MamaKeneli_Mbezi

Ndugu FundiMagogoni, onyo ulilobandika limekwisha kukueleza kila kitu, ila watu wengi hulipita kwa sababu jina lake ni onyo na si kosa. Neno “select” hulazimisha alama (chaguo la Kconfig) ichukue thamani ya yule anayeichagua, bila kujali masharti ya alama yenyewe. Msingi wenu una sharti la I2C, na I2C ikiwa “m” msingi hauruhusiwi kuzidi “m”; lakini sensa iliyo “y” imeusukuma hadi “y”. Matokeo yake ni kwamba msimbo wa msingi umeingia ndani ya keneli kuu huku unaita kitendaji kilichobaki ndani ya moduli ambayo haijapakiwa, na hapo linka haina namna ya kukipata.

Kwa hiyo sikubaliani na “select kila mahali”, na sikubaliani pia na kuifuta kabisa. Nyaraka za Kconfig zinaelekeza kwamba “select” itumike kwa alama zisizoonekana kwenye menyu, au zisizo na masharti yake. Mfano uliotapakaa ndani ya keneli ni REGMAP_I2C (msimbo wa pamoja wa kusoma na kuandika rejista za chipu): haina maelezo ya menyu, hakuna mtumiaji anayeichagua kwa mkono, na draiva huivuta kwa “select REGMAP_I2C” huku zenyewe zikiandika “depends on I2C”. Mstari wa pili ndio wanaousahau wengi. Anayechagua alama yenye masharti anapaswa kuyabeba masharti hayo yeye mwenyewe, kwa sababu “select” haitambebea.

Msingi wenu ni wa aina hiyohiyo, maana peke yake hauna faida kwa mtumiaji. Ufiche kwenye menyu, uchaguliwe kwa “select”, na kila anayeuchagua aandike “depends on I2C”. HWMON na I2C ni mifumo mikubwa inayoonekana, hivyo hiyo itegemewe, isichaguliwe. Tena draiva moja ikichagua I2C huku nyingine zinaitegemea, siku moja mtakutana na ujumbe wa “recursive dependency detected!”, na kuufumbua mzunguko huo katika keneli yenye mamia ya faili za Kconfig ni kazi ya kumkosesha mtu usingizi.

Kijana_Ubungo

Dada, kinadharia nakubali, ila mteja hajui I2C ni nini. Ukitumia “depends on”, I2C ikiwa imezimwa sensa inatoweka kwenye menyu bila neno, naye anapiga simu kusema tumemuuzia programu pungufu. “Select” angalau inampa alichokiomba.

MamaKeneli_Mbezi

Kaka, hoja yako ina uzito, lakini dawa yake haimo ndani ya Kconfig. Mteja mpe kipande cha usanidi chenye CONFIG_I2C=y, CONFIG_HWMON=y na vingine mnavyovihitaji, akiunganishe kwa scripts/kconfig/merge_config.sh. Alama iliyoombwa ikikosekana kwenye matokeo, hati hiyo humwandikia “Value requested for ... not in final .config” pamoja na jina la alama husika. Na aliye ndani ya menuconfig (menyu ya usanidi) abonyeze “/” aandike jina la sensa. Ataonyeshwa masharti yote na thamani zake za sasa, hata kama alama yenyewe imefichika.

Mkongwe_Upanga

Niongezee kuhusu “imply”, maana naona imetajwa ikaachwa. Iliingia katika toleo la 4.10 mwaka 2017, na walioihitaji kwanza ni watu wa draiva za mtandao, ambazo hutumia saa ya PTP (ya kulinganisha muda mtandaoni) ikiwepo na kuendelea bila hiyo isipokuwepo. Ni pendekezo tu: huweka thamani ya mwanzo, na mtumiaji anaweza kuikataa. Tangu mwaka 2020 alama inayopendekezwa na draiva iliyo “y” inaweza kubaki “m”, na hapo linka inagoma vilevile. Mwaka 2021 draiva hizo za mtandao zilihamishiwa kwenye “depends on PTP_1588_CLOCK_OPTIONAL”. Walioizaa wenyewe wameihama, nami siipendekezi kwa taa zenu.

Kwa king'ora andikeni “depends on LEDS_CLASS || !LEDS_CLASS”. Mstari huo huchekesha asiyeujua, kwani unaonekana kusema “iwepo au isiwepo”. Katika Kconfig, “n” ni 0, “m” ni 1 na “y” ni 2, alama ya “||” huchukua kubwa, na “!” hutoa thamani kutoka 2. LED ikiwa “y” au “n”, jibu ni 2, hivyo king'ora kiko huru. Ikiwa “m”, pande zote mbili ni 1, na king'ora hakiwezi kuzidi “m”.

Kijana_Ubungo

Kwa nini tusitumie IS_REACHABLE (inayouliza kama msimbo unafikika kutoka hapo) ndani ya msimbo wa C tukaachana na hesabu hizo?

Mkongwe_Upanga

Itakompaili, kijana wangu, lakini king'ora kikiwa “y” na LED “m”, sehemu ya taa itarukwa kimyakimya. Mtumiaji ataona vyote viwili vimewashwa kwenye usanidi huku taa haiwaki, na hakuna ujumbe wowote wa kumwelekeza. Sharti likiwa kwenye Kconfig, IS_ENABLED (inayouliza tu kama alama imewashwa) inatosha.

FundiMagogoni

Nawashukuru nyote, shikamoo Mzee wa Upanga. Tumekubaliana hivi:

```
config BARIDI_MSINGI
	tristate
	depends on I2C

config BARIDI_SENSA
	tristate "Sensa ya joto ya chumba cha barafu"
	depends on I2C
	depends on HWMON
	select BARIDI_MSINGI

config BARIDI_KINGORA
	tristate "King'ora cha chumba cha barafu"
	depends on I2C
	depends on LEDS_CLASS || !LEDS_CLASS
	select BARIDI_MSINGI
```

Sasa I2C ikiwa “m”, menyu haitoi tena nafasi ya “y” kwa sensa. Swali lililobaki: mpangilio huu unahakikisha pia kwamba msingi unapakiwa kabla ya sensa kifaa kinapowashwa?

MamaKeneli_Mbezi

Marahaba kwa niaba ya Mzee. Hapana, Kconfig huishia kwenye kukompaili. Mpangilio wa kupakia hutoka kwa depmod, ambayo huangalia moduli ipi inatumia vitendaji vilivyotolewa kwa EXPORT_SYMBOL na moduli ipi, kisha huandika faili la modules.dep ambalo modprobe hulifuata. Hati zenu za kuwasha kifaa kama zinatumia insmod, zibadilisheni, kwa kuwa insmod haisomi faili hilo. Na kabla ya kufunga kazi, endesheni randconfig (usanidi wa kubahatisha) kwa KCONFIG_ALLCONFIG (faili la thamani za kulazimisha) yenye CONFIG_I2C=m usiku mzima, umeme ukiruhusu, kwani michanganyiko inayovunjika ndiyo ile ambayo hakuna aliyefikiria kuijaribu kwa mkono.