Naomba ushauri: Prado nimeinyanyua nyuma, sasa inagonga

Habarini wakuu, niko Uyole hapa Mbeya, nina Prado 90 ya 1998, njia ya Isyonje kwenda Kitulo wakati wa mvua ilikuwa inalamba tope kwa tumbo kila safari nikaamua kufunga springi za nyuma ndefu zaidi za inchi 2, shokapu nikaacha zilezile (hapo nakubali nilibana hela). Sasa nikishuka bampu nyuma inagonga gwa! na ekseli imehamia upande mmoja kama sentimita moja, fundi anasema kawaida. Bushi nimekagua ziko poa, ila nikiipiga jeki ule mpira wa breki unakaza kama kamba ya gitaa.

Je, shokapu ndefu pekee zinatosha au na ile rodi inayoshika ekseli na chesesi isihame pembeni nibadilishe? Na mpira wa breki mlifanyaje?