Kuhama Tanga kwa sababu za kiafya: Lushoto au Dodoma?

Baba wa Kange:
Ndugu zangu, salamu. Ninaishi Kange, Tanga, na ofisi ninayofanyia kazi imenitaka nichague kituo kipya kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, ama Lushoto ama Dodoma. Nikivikataa vyote viwili nitabaki hapa hapa. Mimi na mke wangu tumewaza kuhama kwa muda mrefu kwa sababu za kiafya, kwa kuwa joto na unyevu wa pwani umetuchosha. Naomba waliowahi kuishi katika miji hiyo wanieleze ni upi unaoifaa familia yenye watoto wawili.

Bibi Muuguzi:
Mwanangu, umeulizia dawa bila kuutaja ugonjwa. Nani anaumwa, ana umri gani, anaumwa nini, na hali yake huharibika miezi ipi? Nimefanya kazi wodini miaka mingi na sijapata kuona hali ya hewa inayowafaa wagonjwa wote.

Mshambaa wa Soni:
Wakati tunasubiri majibu ya Bibi, mimi nasema Lushoto. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku mtu analala na blanketi mwaka mzima, na mboga na matunda hununuliwa yakiwa bado na umande. Wajerumani walipochoka na joto la pwani walipanda huku, wakauita mji Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Hawakupotea njia.

Niko Dodoma:
Tatizo ambalo mwenye mada amelitaja ni unyevu, na Lushoto ina ukungu wa asubuhi unaolowesha nguo kambani. Huku Dodoma mvua huanza kwa kawaida mwezi Desemba na kuisha Aprili, na baada ya hapo mnakaa miezi mingi bila tone. Nilipohamia kutoka Muheza, viatu vyangu vya ngozi ambavyo kule vilikuwa vikiota kuvu jeupe kila masika viliacha kabisa. Sisemi kwamba hakuna vumbi. Vumbi lipo, na upepo wa Agosti unaliingiza hadi ndani ya sufuria.

Baba wa Kange:
Samahani, Bibi, na shikamoo. Mgonjwa ni kijana wetu wa miaka 9, ana pumu. Hubanwa usiku, hasa kuanzia Machi hadi Mei, na masika iliyopita tulikimbia naye hospitali mara mbili. Anatumia pampu ya bluu, na siku mbaya huitumia mara nne au tano.

Bibi Muuguzi:
Marahaba, mwanangu. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kufungasha hata kijiko. Pampu ya bluu hufungua njia ya hewa iliyokwisha kubana, lakini haitulizi uvimbe uliomo ndani ya njia hiyo. Mtoto anayeihitaji mara nyingi kiasi hicho anapaswa kupimwa na daktari ili aanzishiwe dawa ya kuzuia, ambayo kwa kawaida huja katika pampu ya rangi ya kahawia na hutumiwa kila siku hata anapojisikia mzima. Je, amewahi kupewa? Na anavuta moja kwa moja mdomoni au kupitia chombo? Chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pampu inafaa, na dawa hufika kifuani badala ya kuishia kwenye ulimi.

Baba wa Kange:
Ya kahawia alipewa mwaka juzi, ikaisha, naye alikuwa amepata nafuu, kwa hiyo hatukununua nyingine. Habari ya chupa ndiyo kwanza naisikia.

Fundi wa Chumbageni:
Mimi nitauliza kuhusu nyumba. Kijana analala juu ya nini, na ukuta wa chumba chake ukoje nyuma ya kabati?

Baba wa Kange:
Analala kwenye godoro la sufi ambalo mama yangu alituachia. Nimesogeza kabati baada ya kusoma swali lako, nikakuta ukuta una madoa meusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na koti langu la harusi limeota kuvu mabegani.

Fundi wa Chumbageni:
Basi unataka kulihama godoro. Utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho, hustawi kwenye joto na unyevunyevu, na sufi kuukuu ni mji wao mkuu. Ukilipakia godoro hilo kwenye lori pamoja na makabati, utakuwa umeuhamisha ugonjwa kwa gharama zako. Badilisha godoro, fua mashuka kwa maji ya moto wa nyuzi 60, kwangua ukuta, uzibe mahali maji yanapopandia, utoboe tundu za hewa juu ya madirisha. Ukishafanya hivyo, ndipo uilaumu Tanga.

Mama Makorora:
Ninamuunga mkono fundi, na ninayasema haya kwa machungu. Tulihamia milimani tukiwa na binti mwenye pumu, kwa sababu kila mtu alitwambia baridi ni dawa. Miezi miwili ya mwanzo, Februari na Machi, alilala vizuri hata nikawapigia simu wifi zangu kuwatangazia. Kisha ukaingia Juni. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na jiko la kuni lililoungana na sebule, na kwa ajili ya baridi madirisha hayakufunguliwa tangu magharibi hadi saa mbili asubuhi, kwa hiyo moshi wote tuliuvuta sisi. Jirani alitushauri tuingize jiko la mkaa chumbani. Namshukuru Mungu mume wangu alikataa, kwa kuwa hewa ya mkaa huua watu usingizini bila hata kukohoa. Usiku mmoja mtoto alibanwa saa nane. Dereva wa kwanza hakupokea simu, wa pili alisema ukungu umefunga barabara na hashuki hadi aone mbele. Tulikaa kitandani nikimhesabia pumzi, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta, mpaka kulipopambazuka. Alipona, lakini mwezi wa tisa tulirudi Makorora. Hewa baridi inayoingia kifuani ghafla nayo inabana pumu. Hilo hakuna aliyenieleza.

Mshambaa wa Soni:
Pole sana, dada. Hata hivyo, umeeleza ubaya wa nyumba yenye moshi, na nyumba yenye moshi hata Makorora ipo. Lushoto mjini kuna hospitali na kuna majiko ya gesi. Tena mmesahau malaria: kadiri unavyopanda mlima ndivyo mbu wa malaria wanavyopungua.

Mzee wa Raskazone:
Wanapungua, hawaishi, na miaka ya joto na mvua nyingi malaria hupanda mlima. Mtoto aliyekulia huko anakosa kinga aliyonayo mwenzake wa Muheza, kwa hiyo akishuka kumsalimia bibi yake wakati wa likizo anaugua vibaya zaidi. Mimi ningeshauri Amani, kule kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Ni chini kuliko Lushoto na baridi yake ni ya kiungwana.

Niko Dodoma:
Mzee wangu, Amani ni msitu wa mvua! Mtu anakimbia kuvu la Kange, wewe unampeleka linakozaliwa. Isitoshe, Amani haimo kwenye fomu yake.

Mzee wa Raskazone:
Nimeitaja kwa kuwa naipenda. Nakubali kosa.

Baba wa Kange:
Nawashukuru nyote. Kuna jambo sikulieleza mwanzoni kwa kuwa nilidhani halihusiani. Mtoto wa pili, wa kike, ana miaka 4 na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwa sasa hajambo, anatumia foliki kila siku na anahudhuria kliniki.

Bibi Muuguzi:
Mwanangu! Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza. Baridi ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha maumivu kwa mtoto wa selimundu: mishipa hujikunja, chembe zilizopinda zinakwama, naye analia mikono na miguu. Ukungu wa Juni ambao huenda kaka yake akauvumilia unaweza kumlaza yeye. Dodoma nayo ina usiku wa baridi katika miezi hiyo hiyo, na mchana ukavu wake unanyonya maji mwilini, jambo ambalo pia ni adui yake. Hata hivyo siisifu Tanga, kwa kuwa malaria kwake si homa ya kawaida, inaweza kummaliza damu kwa siku chache. Popote mtakapokuwa, alale ndani ya chandarua, anywe maji kabla ya kuomba, na uulize kwanza kliniki ya selimundu iko umbali gani kwa saa za usiku, si kwa kilomita.

Mshambaa wa Soni:
Kwa huyo wa pili nanyamaza. Sweta zipo, lakini sitaki kubeba dhamana.

Niko Dodoma:
Huku kuna hospitali kubwa, na hilo ni jambo zito kuliko hewa. Ila Bibi amesema kweli kuhusu usiku wa Julai. Maji ya kuoga lazima yachemshwe.

Baba wa Kange:
Tumezungumza na mke wangu hadi usiku. Jumatatu tunampeleka kijana kwa daktari kuhusu ile pampu ya kahawia, na swali la kituo tutamuuliza daktari wa kliniki ya mdogo. Godoro limeshatolewa uani. Mke wangu anasema akiliona limerudi ndani, nitahamia Dodoma peke yangu.

Mama Makorora:
Usilichome karibu na dirisha la mtoto, tafadhali.

Fundi wa Chumbageni:
Na ukuta niachie mimi, ila subiri kwanza ukauke. Chokaa juu ya unyevu ni hasara.

Mpangaji Mtarajiwa:
Samahani kwa kuingilia. Nyumba hiyo ya Kange ina vyumba vingapi, na mkihama kodi itakuwaje?

Baba wa Kange:
Vitatu, ndugu yangu. Lakini hatujahama.