Mrejesho: Lushoto wikiendi ya Julai, kutokea Moshi

Wakuu, niliuliza kama siku mbili za msimu wa baridi zinatosha Lushoto bila gari binafsi. Zinatosha, ila toka Moshi Ijumaa alfajiri. Ukikosa basi la moja kwa moja, panda la Tanga au Dar na umwambie konda mapema kwamba unashuka Mombo. Hapo kuna kosta na noah zinazopandisha mlima kupitia Soni, kama kilomita 33 za kona tupu. Anayetapika garini akae mbele na asishibe kabla.

Aliyenishauri sweta moja, hapana. Mombo ni joto la nyika, lakini Lushoto ipo mita 1,400 hivi na usiku ni baridi kweli. Beba sweta zito, soksi na koti la mvua. Kabla ya kulipia chumba, shika blanketi, kisha fungulia maji ya moto uone yanatoka.

Irente, ile sehemu ya ukingoni ya kutazamia nyika, ni kilomita 5 au 6 toka mjini, mnatembea taratibu. Kosa la wengi ni kuwahi alfajiri: ukungu unakuwa umejaa, huoni kitu. Subirini saa nne au tano. Ukungu unapasuka kidogo kidogo, kwanza mabati ya nyumba za Mazinde yanametameta chini kabisa, halafu nyika yote. Kaeni mbali na ukingo, mawe yana umande na yanateleza.

Majengo ya Wajerumani, enzi mji ukiitwa Wilhelmstal, asubuhi moja inatosha. Asanteni sana.