Treni, basi au ndege kati ya miji miwili: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita mimi na mwenzangu wa kazini tulitumwa kwenye mkutano mmoja, kama kilomita 500 kutoka tunapoishi. Mimi nikachukua ndege, yeye treni ya mwendokasi. Nilimcheka sana. Ndege iliruka saa 1 asubuhi ikatua saa 2 kasoro dakika 5, kama tiketi ilivyosema. Ila tiketi haikusema kwamba nitatoka nyumbani saa 10 alfajiri kwa vile uwanja uko nje ya mji, nitavua mkanda na viatu, nitaacha chupa yangu ya mafuta kwa wakaguzi kwa sababu imezidi mililita 100, halafu nikae nisinzie kwenye kiti cha chuma. Baada ya kutua, begi lilichukua dakika 40, foleni ya barabarani saa nzima na ushee. Nafika ukumbini saa 4 kasoro, namkuta mwenzangu ameshafungua kompyuta na kunishikia kiti. Yeye alitoka kwake saa 12, stesheni ziko katikati ya mji huku na huku.

Tangu siku hiyo nahesabu safari mlango kwa mlango. Nyie mnachaguaje? Leteni yaliyowakuta, siyo ya kusikia.

—

Ndege. Muda ni mali. Mengine mtajaza wenyewe.

—

Mkuu hapo juu, muda ni mali mpaka ukungu utande. Nilikaa uwanjani masaa 7, kila baada ya nusu saa tunaambiwa "bado kidogo". Jirani yangu aliyepanda basi asubuhi ileile akanipigia simu kuuliza kama nimeshafika, yeye yuko kwake anaoga.

Ila nisiionee ndege. Treni nayo iliwahi kuzima umeme nikiwa ndani, katikati ya pori, madirisha hayafunguki, kipoza hewa kimekufa. Dakika 50 tu, lakini zilikuwa ndefu kuliko yale masaa ya ukungu.

—

Mimi sichagui chombo, nachagua kwa kuangalia nasafiri na nani. Nikiwa na mama yangu ni treni, hakuna mjadala. Magoti yake yana shida, akikaa saa mbili bila kunyoosha miguu yanavimba. Kwenye treni anainuka, anatembea koridoni, anasalimia watu, choo kipo palepale. Kwenye basi mara ya mwisho alijinyima maji siku nzima akiogopa kumsumbua dereva, akafika kichwa kinamuuma mpaka kesho yake.

Mtoto mchanga nilimpandisha ndege akiwa na miezi mitano. Kupaa kulikuwa shwari. Tulipoanza kushuka ndipo akalia kilio ambacho sijakisikia tena. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaniambia, "Mwanangu, mpe ziwa, ni masikio hayo." Kumeza ndiko kunakozibua masikio hewa inapobadilika. Wenye wachanga, msimnyonyeshe akashiba kabla; mwekeeni akiba ya wakati wa kushuka.

—

Naona basi linasemwa kama mtoto wa kambo. Mimi mfanyabiashara mdogo, miaka tisa barabarani. Ndege nyingi zinakupa begi la kilo 23, ukizidisha unalipia mpaka faida inaisha. Basi linanichukulia mizigo njia panda karibu na kwangu na kunishusha hatua chache na duka. Nikichelewa, lipo la saa inayofuata. Jaribu kuchelewa ndege uone kama tiketi yako ina kesho.

Siti nazo zina elimu yake. Usikae juu ya tairi la nyuma, utahesabu kila shimo kwa mgongo. Wenye kichefuchefu wakae mbele waangalie mbali, simu mfukoni. Na ukielekea kaskazini asubuhi kaa kushoto, jua litawachoma wa kulia.

Lakini la usiku nimeacha. Nilikuwa siti ya mbele, kama saa 9 hivi, namwona dereva kwenye kioo, kichwa kinashuka, anashtuka, kinashuka tena. Nikaanza kumpigia soga za uongo na kweli mpaka kunakucha. Ulaya sheria inamtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 akishaendesha saa 4 na nusu. Siku hizi kabla ya kukata tiketi ya safari ndefu nauliza: madereva wangapi? Wakisema mmoja, naondoka.

—

Nilisoma Japan miaka miwili. Tokyo hadi Osaka ni kama kilomita 515, Shinkansen, treni yao ya kasi, ile ya haraka inatumia kama saa 2 na nusu, na njia hiyo ipo tangu 1964. Ndege zipo, lakini darasani kwetu sikumbuki aliyezipanda. Madrid na Barcelona nako, reli ya kasi ilipokamilika 2008 abiria wengi waliihama ndege. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2023 walianza kuzuia kisheria safari fupi za ndege za ndani pale ambapo treni inafika ndani ya saa 2 na nusu.

Kwangu mpaka ni saa tatu za treni. Chini ya hapo sifikirii ndege kabisa. Zikifika tano naanza kupiga hesabu. Na hapa nasemea treni ya kasi. Hizi za zamani, kilomita zilezile 500 utalala njiani, basi angalau uchukue behewa la kulala.

—

Nilikuwa mtu wa basi miaka yote, ndege naiita anasa. Saa 4 usiku nikapigiwa simu, baba amezidiwa. Kilomita 900. Basi lingenifikisha kesho yake jioni. Nikakata ndege ya alfajiri kwa karibu mara tano ya nauli yangu ya kawaida, sikuuliza hata punguzo. Nilimkuta anaongea. Akaniuliza umekujaje mapema hivi, nikamwambia nimeruka, akacheka. Aliondoka saa 11 jioni.

Sijaiita anasa tena.

—

Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee.

—

Mleta mada narudi. Nimesoma yote, ahsanteni. Sasa nisaidieni: Ijumaa nasafiri na mama mkwe, anaogopa kuruka, hapendi kukaa kinyume na treni inakoelekea, na anataka jokofu lake dogo lifike naye siku hiyohiyo. Nifanyeje?

—

Basi. Mama mkwe mpe siti ya mbele, wewe kaa nyuma na jokofu.